Taa ya ngazi yenye swichi mbili: kwa nini inawaka katika hali moja tu kati ya nne?

Mwana wa Kuze
Assalaam aleikum wanabaraza, na wengine wote hamjambo.

Naomba ushauri kuhusu jambo ambalo huenda mafundi miongoni mwenu wakaliona dogo, lakini mimi limenisumbua kwa juma zima. Tunaishi katika nyumba ya zamani ya ghorofa moja huku Mji wa Kale, Mombasa, yenye ngazi nyembamba iliyosimama kama mlingoti na isiyopata mwanga hata saa sita mchana. Ngazi hiyo ina taa moja tu katikati, na taa yenyewe ina swichi mbili: moja iko chini kando ya mlango wa mbele, nyingine iko ukumbini juu, karibu na chumba cha mama. Miaka yote mtu aliweza kuiwasha taa mlangoni, akapanda, kisha akaizima ukumbini, na anayeshuka akafanya kinyume chake.

Mwezi uliopita swichi ya ukumbini ilianza kutoa cheche, maana hewa ya chumvi ilikuwa imekwisha kuila, nikamwita fundi mmoja akaibadilisha. Alimaliza kwa muda wa nusu saa, akaibonyeza mara mbili tatu mbele yangu, taa ikawaka na kuzimika vizuri, nikamlipa, akaenda zake. Siku ya pili nilipotoka kwenda kuswali alfajiri niliizima taa pale mlangoni kama nilivyozoea. Mama, ambaye umri wake umepita miaka 70, aliamka baada yangu, akabonyeza swichi yake, taa isiwake. Nilimkuta ameketi kwenye kidato cha juu akinisubiri, na maneno aliyonipa sitayaandika hapa.

Kabla sijamwita mtu tena nimeona nichunguze mwenyewe. Nimetia wino kwenye ncha moja ya kila swichi, na ninaposema «alama» nina maana kwamba ncha yenye wino ndiyo iliyobonyezwa, ilhali «tupu» ni ile ncha nyingine. Mlangoni alama na ukumbini alama, taa inawaka. Mlangoni alama na ukumbini tupu, haiwaki. Mlangoni tupu na ukumbini alama, haiwaki. Zote mbili tupu, haiwaki. Nimeyarudia haya mara tatu, jawabu ni lile lile.

Swali langu si namna ya kuitengeneza peke yake. Ningependa kuelewa ni kosa gani linaloweza kuzaa tabia hii, ili safari hii nijue ninachokilipia.

Kijana wa Tudor
Badilisha balbu kwanza, kaka. Balbu nyingi za siku hizi hazidumu, na huenda hiyo inawaka ikipenda.

Mwana wa Kuze
Ahsante ndugu yangu, lakini sidhani. Balbu mbovu ingekataa katika hali zote nne au ingekatakata bila mpango, na hii yangu ina mpango usiobadilika hata kidogo. Hata hivyo nimejaribu nyingine kutoka chumbani, na mambo ni yale yale.

Fundi Mstaafu, Bondeni
Mwanangu, umefanya jambo ambalo fundi wako hakulifanya, nalo ni kuzijaribu hali zote nne. Yeye alisimama ukumbini, swichi ya mlangoni ikiwa upande wenye alama, akabonyeza ya ukumbini, taa ikatii. Hizo ni hali mbili tu. Angeteremka ngazi, akageuza ile ya mlangoni, kisha akapanda tena kujaribu, angeliona kosa lake kabla hujafungua pochi.

Nikueleze jinsi saketi hii inavyopaswa kuwa. Swichi ya kawaida ya chumbani ina skrubu mbili, moja ya kuingia moto, yaani umeme, na nyingine ya kutoka, nayo hufunga njia au huikata. Swichi ya ngazi ni ya njia mbili, ile mafundi huiita tu-wei, nayo ina skrubu tatu: moja imeandikwa COM, nyingine L1, nyingine L2. Ndani yake hamna hali ya kuzima. COM hushikana na L1 au hushikana na L2, basi, kama mlango uliowekwa kati ya vyumba viwili ambao ukikifungua kimoja unakifunga kingine. Waya wa moto kutoka kwenye fyuzi huingia kwenye COM ya mlangoni. Kutoka L1 na L2 za mlangoni hupanda nyaya mbili hadi L1 na L2 za ukumbini, nami nyaya hizo huziita pacha kwa sababu hazina tofauti baina yao. Kutoka COM ya ukumbini hutoka waya mmoja unaokwenda kwenye balbu, na upande wa pili wa balbu hurudi nyutro, yaani waya wa kuurudisha umeme.

Sasa fuata moto kwa kidole. Swichi ya mlangoni huuweka moto kwenye pacha mmoja kati ya wawili, na swichi ya ukumbini huchagua pacha mmoja wa kusikiliza. Zikichagua pacha yule yule, taa huwaka, zikitofautiana, huzimika. Kwa hiyo hali mbili kati ya nne lazima ziwake, na kila unapobonyeza swichi yoyote, iwe ya chini au ya juu, ni lazima hali ya taa igeuke. Kwako kuna mibonyezo ambayo haigeuzi kitu, na hapo ndipo ninapojua kwamba nyaya zimewekwa vibaya.

Ninavyodhani mimi, waya wa kwenda kwenye balbu umefungwa kwenye L1 badala ya COM, na pacha mmoja amefungwa kwenye COM badala ya L1. Hebu uchore, uone. Swichi ya ukumbini ikiwa upande wa L1, pacha wa kwanza hufika kwenye balbu, na taa itawaka endapo mlangoni moto umepewa pacha huyo. Ikiwa upande wa L2, pacha wawili hugusana wao kwa wao na balbu haina habari. Hali moja kati ya nne, kama ulivyoandika.

Kosa hili ni la kawaida sana. Kuna swichi ambazo COM iko peke yake upande wa juu, na kuna nyingine ambazo COM imewekwa chini au kati. Fundi mwenye haraka hufungua ya zamani na kuhamisha kila waya mahali ulipokuwa, bila kusoma maandishi yaliyo nyuma ya mpya.

Mwalimu wa Fizikia, Likoni
Nakubaliana na mzee wetu kwa sehemu kubwa, ila ningependa tuwe waangalifu kuhusu kile ambacho jedwali la ndugu yetu linathibitisha na kile ambacho halithibitishi.

Nyumba ilipokuwa nzima, kanuni ya taa ilikuwa «zikiwa sawa, iwake». Kanuni ya sasa ni «hii iwe na alama, na ile nayo iwe na alama». Kanuni hii ya pili ni ya swichi mbili zilizofuatana kwenye waya mmoja, ambapo moto hauwezi kupita mpaka zote mbili ziruhusu. Jambo hili si la mafundi peke yao: mwaka 1937 Claude Shannon, akiwa mwanafunzi wa uzamili katika chuo cha MIT nchini Marekani, alionyesha kwamba saketi za swichi zinaweza kuandikwa na kurahisishwa kwa aljebra ambayo George Boole aliibuni karne ya 19, na kompyuta zetu zote zimejengwa juu ya hesabu hiyo. Ngazi ya Mji wa Kale inafuata sheria zile zile.

Lakini sasa tazameni. Ukikosea kama alivyoeleza mzee kwenye swichi ya ukumbini, unapata hali moja kati ya nne. Ukikosea vivyo hivyo kwenye swichi ya mlangoni, unapata pia hali moja kati ya nne. Pacha mmoja akikatika ndani ya ukuta, au skrubu yake ikiwa imelegea, huyo aliyebaki ataiwasha taa katika hali moja tu, na ni moja kati ya nne. Na ikiwa fundi alinunua swichi ya kawaida yenye skrubu mbili, akaunganisha waya wa balbu na pacha mmoja, akamwacha wa tatu ananing'inia, jedwali litakuwa hili hili bila tofauti ya hata mstari mmoja. Kwa hiyo kwa kuitazama taa peke yake huwezi kuyatenganisha makosa haya manne. Kinachotufanya tuielekeze shaka yetu kwenye swichi ya ukumbini ni historia, yaani kwamba ndiyo iliyoguswa, nayo historia ni dalili nzuri lakini haijafikia kuwa ushahidi.

Pwani Shuwari
Nilipokiona kichwa cha uzi huu nilidhani ni kile kitendawili cha swichi tatu zilizo chini na balbu moja iliyo chumba cha juu, ambapo mtu anaruhusiwa kupanda mara moja tu. Jawabu lake ni kuiwasha ya kwanza kwa dakika kadhaa, kuizima, kuiwasha ya pili, kisha kupanda: balbu ikiwa inawaka ni ya pili, ikiwa imezimika lakini ina joto ni ya kwanza, na ikiwa baridi ni ya tatu. Kwa balbu za LED sijui mkono ungetambua nini.

Mwalimu wa Fizikia, Likoni
Na mfano huo unafaa hapa, ndugu, kwa sababu macho huona mambo mawili tu, kuwaka na kuzimika, ilhali swichi ni tatu. Anayekitegua huongeza hisia nyingine, yaani joto. Sisi nasi tunahitaji kipimo kingine zaidi ya macho.

Ummu Zuhura
Kaka wa Kuze, kabla hawa wazee wetu hawajakupandisha ngazini na bisibisi, naomba nikutahadharishe kwa jambo moja, maana marehemu mume wangu alikuwa fundi wa stima na nilimsikia akilirudia mpaka nikalihifadhi. Katika saketi hii kuzimika kwa taa hakuna maana kwamba swichi haina moto. Someni tena maelezo ya mzee: swichi ya mlangoni kila wakati inampa moto pacha mmoja, huyu au yule, haina namna ya kuwanyima wote. Kwa hiyo ndani ya kisanduku cha ukumbini daima kuna waya mmoja wenye volti 240, hata taa ikiwa imezimika tangu jana. Anayezima taa halafu akafungua swichi akidhani amejikinga, anajidanganya. Zima kwenye swichi kuu, na kama fyuzi yako ni ya kuchomoa, ichomoe uitie mfukoni, asije mtu akairudisha akidhani stima imepotea. Kisha hakikisha kwa testa ambayo umekwisha kuijaribu mahali penye moto.

Na kama hujawahi kufungua swichi maishani mwako, tafuta fundi mwenye leseni ya EPRA, ile mamlaka ya nishati na petroli ya Kenya, umpe jedwali lako. Kuelewa kosa ni haki yako, lakini si lazima mikono iwe yako.

Mwana wa Kuze
Nimewasikia, dada, na nakushukuru. Binamu yangu ana leseni hiyo na anafanya kazi Changamwe, ameahidi kuja Ijumaa baada ya swala. Hata hivyo jana nilizima swichi kuu, nikajaribu kwa testa, nikafungua skrubu mbili za mbele na kuchungulia tu bila kugusa. Swichi mpya ina skrubu tatu, na kila moja ina waya wake. Nyaya zote tatu ni nyekundu, na kwa hivyo siwezi kumtambua nani ni nani.

Fundi Mstaafu, Bondeni
Vizuri. Basi swichi ya skrubu mbili tumeitoa mahakamani. Rangi zisikushangaze, nyumba hizo zilipotiwa stima ilikuwa desturi kutumia nyekundu kwa kila waya unaobeba moto, na nyeusi kwa nyutro. Nyaya mpya za moto ni za kahawia na nyutro ni buluu, lakini kuta zenu haziko huko.

Mwambie binamu yako afanye hivi. Swichi kuu ikiwa imezimwa na balbu imetolewa kwenye kishikizo chake, ashuke mlangoni, azifungue nyaya zilizo kwenye L1 na L2 na kuziunganisha pamoja kwa kiunganishi, huku waya wa COM akiuacha mahali pake. Apande ukumbini, azitoe nyaya zote tatu na kuzitenganisha zisigusane. Kisha achukue mita, aiweke kwenye mlio, yaani ilie ncha zake zikigusa njia isiyokatika, na kuzigusa nyaya mbili mbili. Kuna jozi tatu tu. Jozi itakayolia ndiyo pacha, kwa sababu ameifunga mwenyewe kule chini, na waya uliobaki pweke ndio wa balbu. Huo ndio uende COM. Pacha waende L1 na L2, na hata ukiwabadilisha nafasi hakuna kitakachoharibika. Jozi zote zikinyamaza, basi pacha mmoja amekatika.

Mwalimu wa Fizikia, Likoni
Kwa ruhusa yako mzee, kunyamaza kuna maana mbili. Ikiwa kosa liko mlangoni, basi nyaya utakazozikuta kwenye L1 na L2 zitakuwa ni waya wa moto unaotoka kwenye fyuzi na pacha mmoja, na kuziunganisha hizo hakuwezi kutoa mlio wowote ukumbini ingawa pacha wote wawili ni wazima. Kwa hiyo mita ikinyamaza, arudi chini ajaribu kuunganisha jozi nyingine kabla hajaanza kubomoa ukuta.

Fundi Mstaafu, Bondeni
Haki yako, mwalimu. Niliharakisha.

Mwana wa Kuze
Wanabaraza, binamu alikuja jana na tumeyafanya kama mlivyoelekeza, yeye akishika nyaya na mimi nikishika tochi.

Jozi ya kwanza tuliyoigusa ilikuwa waya wa COM na waya wa L2, na mita ililia. Tulizigusa jozi nyingine mbili kwa ajili ya uhakika, zikanyamaza. Maana yake ni kwamba pacha walikuwa wamefungwa kwenye COM na L2, na waya wa balbu ulikuwa umekaa kwenye L1, sawasawa na alivyodhani mzee wa Bondeni kabla hajaiona nyumba. Swichi ya zamani nilikuwa sijaitupa, nikaichukua tukazilinganisha: kwenye ile ya zamani COM iko kona ya juu kushoto, na kwenye mpya kona hiyo hiyo imeandikwa L1. Fundi alihamisha nyaya kwa mahali, hakusoma.

Binamu aliubadilisha waya wa COM na ule wa L1, akaikaza kila skrubu, akashuka kurudisha zile za mlangoni, tukawasha swichi kuu. Alama na alama inawaka. Tupu na tupu inawaka. Zile mbili zilizobaki haiwaki. Mama hakuridhika na jedwali langu. Alitupeleka chini na kuturudisha juu mara nne, mwenyewe akiwa amesimama ukumbini akibonyeza. Kazi yote ilichukua muda wa saa moja, na nusu yake ilikuwa ni kuitafuta bisibisi ndogo.

Yule fundi wa kwanza nilimpigia simu nikamweleza. Alisikitika, akasema alidhani swichi zote zimepangwa namna moja.

Ummu Zuhura
Alhamdulillahi. Msalimie mama.

Msafiri wa Kisauni
Samahani kwa kuufufua uzi, lakini swali langu ni la jirani. Nyumba yetu ina ngazi inayoendelea hadi darini tunakoanika nguo, na ningependa taa hiyo hiyo iwashwe kutoka mahali patatu: mlangoni, ukumbini na darini. Je, nikinunua swichi ya tatu ya njia mbili itatosha?

Fundi Mstaafu, Bondeni
Haitatosha, ndugu. Zile mbili za mwisho, ya mlangoni na ya darini, zitabaki za njia mbili, lakini ya ukumbini lazima iwe swichi ya kati, ambayo ina skrubu nne. Pacha wawili huingia upande mmoja na kutoka upande wa pili. Ikibonyezwa huku, huwaacha wapite moja kwa moja, wa kwanza akiendelea kuwa wa kwanza. Ikibonyezwa kule, huwapishanisha, wa kwanza akashika njia ya wa pili. Kwa njia hiyo kila mbonyezo katika sehemu yoyote hugeuza hali ya taa. Ukitaka mahali pa nne au pa tano, ongeza tu swichi za kati kwenye safari ya pacha.

Utakapomaliza utakuwa na hali nane za kujaribu, na nne kati yake lazima ziwake. Ukienda dukani usiichague kwa sura ya mbele, kwa sababu mbele inafanana kabisa na ya njia mbili. Igeuze, uhesabu skrubu, na usome maandishi yaliyo nyuma kabla hujatoa pesa.